Vigogo, Wakongwe na Mabingwa wa Mfuko Mdogo: Rekodi 12 za Kadi za Grafiki

Ukiunda kompyuta ya gemu, kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona: nyasi za uwanja, vumbi la gari, jasho la mshambuliaji, mara 60 au zaidi kila sekunde. Ndiyo pia inayomeza sehemu kubwa ya bajeti, na hakuna kifaa kingine chenye rekodi za kutisha kama yenyewe. Tumezipanga hapa kumi na mbili, za vigogo na za wanyonge, ili mwenye mfuko mdogo ajue nani bingwa wa kweli na nani ana mbwembwe tu. Bei zote ni za dola, siku kadi ilipozinduliwa. Ukifika Kariakoo au Luthuli Avenue, jumlisha usafirishaji, ushuru na faida ya muuzaji. Kipenga kimelia.

1. Kubwa kuliko zote: GeForce RTX 5090

Januari 2025 Nvidia ilileta sokoni kadi ya gemu yenye transista bilioni 92.2. Wagawie Watanzania wote milioni 61.7 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, na kila mmoja, hata mtoto mchanga mgongoni, ataondoka na transista 1,493. Viini vyake vya hesabu ni 21,760. Vipakie kwenye mabasi ya abiria 65 na utahitaji mabasi 335. Memori yake ya GB 32 inapitisha GB 1,792 kwa sekunde moja. Hebu fikiria mabando 1,792 ya GB 1 yakikata kwa sekunde!

Bei yake ni $1,999. Kwa pesa hiyo ungenunua GTX 1650 kumi na tatu za $149 kila moja: kikosi kamili cha wachezaji 11, wawili wa benchi, na chenji ya $62 mfukoni. Hata hivyo taji la ughali haikulichukua. Linashikiliwa na GTX TITAN Z ya mwaka 2014, iliyozinduliwa kwa $2,999, na hakuna GeForce nyingine iliyowahi kuanza kwa bei ya juu hivyo.

2. Bonge la mwili: GeForce RTX 4090

Toleo la Nvidia yenyewe, la Oktoba 2022, lina urefu wa milimita 304. Chukua rula ya shule ya sentimita 30: kadi inaizidi kwa milimita nne. Unene wake ni milimita 61 na uzito unapita kilo 2, yaani umening'iniza pakiti nzima ya unga wa sembe kwenye ubao wa kompyuta. Ndiyo maana matoleo mengi ya kampuni nyingine huuzwa pamoja na kinguzo cha kuishikilia isipinde.

Mwenye bajeti ndogo ana la kujifunza hapa. Kabla ya kulipia kadi yoyote, fungua kasha lako upime nafasi kwa hiyo hiyo rula. Kadi nyingi nafuu zenye feni mbili huingia bila shida kwenye kasha la kawaida, lakini kasha jembamba la kompyuta ya ofisini hukataa hata hizo.

3. Mlafi wa umeme: wati 575

Mwaka 2014 AMD ilitikisa dunia na Radeon R9 295X2, yenye chipu mbili, kipozeo cha maji na ulaji wa wati 500. Rekodi hiyo sasa ni historia. RTX 5090 imepangiwa wati 575, sawa na balbu 64 za LED za wati 9 zikiwaka kwa pamoja.

Tuiweke kwenye mita ya umeme ya LUKU. Cheza saa nne kila siku kwa siku 30, kadi ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, nayo peke yake itakula uniti 69. Mteja mdogo wa nyumbani wa TANESCO, yule wa daraja la D1, ukomo wake ni uniti 75 kwa mwezi. Familia nzima inabakiwa na uniti 6 za taa, friji na pasi!

Upande wa pili wa meza amekaa GT 710: wati 19, balbu mbili basi. Kwa saa zile zile inakula uniti 2.3 kwa mwezi. Tatizo lake ni kwamba gemu za kisasa inazitazama tu, haiziwezi. Katikati ndiko kuliko na nafuu: GTX 1650 uniti 9, RX 6600 uniti 16, RX 580 uniti 22.

4. Kongwe la ukoo: Voodoo na GeForce 256

Voodoo Graphics ya kampuni ya 3dfx, mwaka 1996, ndiyo iliyowaonjesha wachezaji wa nyumbani utamu wa michoro ya pande tatu. Ilikuwa na memori ya MB 4. Wimbo mmoja wa MP3 wa dakika nne unaweza kuijaza pomoni. Na bado ilihitaji kadi nyingine pembeni kwa ajili ya kazi za kawaida za skrini.

Oktoba 1999 ikaja GeForce 256, ambayo Nvidia iliitangaza kuwa GPU, yaani chipu ya grafiki, ya kwanza duniani. Saa ya chipu yake ilipiga megahezi 120. Memori ya RTX 5090 ni mara 8,192 ya ile ya Voodoo. Kama uwanja wenye kiti kimoja ungekua kwa kiwango hicho, ungekaribia kuwa Azam Complex pale Chamazi.

5. Iliyotunzwa kwa muda mrefu: GTX 750 Ti

Hii ni rekodi ya mnyonge, tena ya kujivunia. GTX 750 Ti ilizinduliwa Februari 2014 kwa $149, ikila wati 60 tu. Nvidia iliendelea kuitolea draiva mpya za gemu hadi Oktoba 2025, na marekebisho ya usalama yameahidiwa hadi Oktoba 2028.

Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2014 alimaliza la saba 2020 na kidato cha nne 2024. Draiva ya mwisho ya gemu ilipotoka, alikuwa kidato cha tano! Kadi ya bei ya chini ilimsindikiza shule ya msingi nzima na sekondari, na ikabaki na nguvu za kuchezesha GTA V, ambayo kiwango chake cha chini ni kadi ya GB 1.

Lakini umri una kikomo chake. Indiana Jones and the Great Circle, gemu ya Desemba 2024, inadai kadi yenye mitambo maalumu ya kufuatilia miale ya mwanga, na kiwango chake cha chini kabisa upande wa Nvidia ni RTX 2060 Super. GTX 1080 Ti, mfalme wa mwaka 2017 aliyeuzwa $699 na mwenye memori ya GB 11, imeachwa nje ya geti. Ukinunua ya zamani, angalia kwanza gemu unazozitaka.

6. Kasi kubwa, matokeo madogo: Radeon RX 6500 XT

Januari 2022 AMD ilitoa kadi ya $199 ambayo saa yake ingeweza kupanda hadi megahezi 2,815. Hiyo ni mara 23 ya GeForce 256, na inaiacha mbali RTX 3060, ambayo kwenye karatasi inaishia megahezi 1,777. Kwenye gemu, RTX 3060 inaipiga vibaya.

Ni mbio za bodaboda na basi. Bodaboda inawahi kuondoka, ila abiria wake ni mmoja. RX 6500 XT ina memori ya GB 4 na inaunganishwa na ubao mama kwa njia 4 tu. RX 6600 ina njia 8, kama Thika Road au barabara ya Kimara–Kibaha. Kadi kamili zina njia 16. Kibaya zaidi, ukiichomeka RX 6500 XT kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0, upana wa njia zake unakatwa nusu, kutoka takriban GB 8 kwa sekunde hadi 4. Wenye ubao wa zamani ndio hao hao wenye bajeti ndogo! Megahezi pekee zisikununulishe kadi.

7. Pambano la watani: RX 580 dhidi ya GTX 1060

Soka lina Simba na Yanga. Kadi za bei ya kati zilikuwa na hawa wawili. GTX 1060 ya GB 6 iliingia Julai 2016 kwa $249, ikiwa na viini 1,280 na ulaji wa wati 120. RX 580 ya GB 8 ilijibu Aprili 2017 kwa $229, viini 2,304, wati 185. Mmoja ana karibu viini mara mbili ya mwenzake, lakini uwanjani walikwenda bega kwa bega: gemu hii anaongoza huyu, ile anaongoza yule.

Somo ni hili: viini vya AMD na vya Nvidia havihesabiwi kwenye daftari moja. Tofauti ya wati 65 ndiyo inayohesabika, uniti 8 kila mwezi kwa mchezaji wa saa nne kwa siku. Kwa upande wa memori, RX 580 ina GB 2 za ziada, na gemu za miaka ya karibuni zinazitafuna zote.

RX 580 pia ni malkia wa mitumba. Maelfu kwa maelfu zilitumika kuchimba sarafu ya Ethereum, hadi tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilipoachana kabisa na uchimbaji wa kadi na soko likafurika. Ukikutana nayo, omba ijaribiwe kwa gemu nzito nusu saa mbele yako. Sikiliza feni, tazama kama skrini inatoa madoa, kisha uulize bei. Tahadhari moja zaidi: kuna RX 580 yenye viini 2,048 badala ya 2,304. Jina lile lile, nguvu pungufu.

8. Pendwa kuliko zote: taji halijawahi kwenda kwa tajiri

Duka la gemu la Steam hupima kila mwezi kadi zilizomo kwenye kompyuta za wateja wake. Kwa miaka kadhaa kiti cha enzi kilikaliwa na GTX 1060. Mwishoni mwa 2022 ikapinduliwa na GTX 1650, kadi ya $149. Baadaye RTX 3060, ya $329, nayo ikapanda kileleni.

Watawala watatu, na hakuna hata mmoja aliyefika $350. Vigogo wa $1,500 na kuendelea hupamba vichwa vya habari, lakini umati uko kwa makabwela. Faida ya kuwa na umati ni kubwa: watengenezaji wa gemu hawathubutu kuitupa kadi ambayo wateja wengi wanayo, na mtumba wake haukosekani mjini.

9. Danganyifu namba moja: GT 1030

Mei 2017 ilitoka GT 1030 yenye memori ya GDDR5, ikipitisha GB 48 kwa sekunde. Mwaka uliofuata likaja toleo la DDR4, linalopitisha GB 16.8. Boksi lina jina lile lile, lakini mwendo wa memori ni karibu theluthi moja. Ni kama kulipia tani tatu za mchanga ukaletewa moja. Soma maandishi madogo, hasa aina ya memori. GTX 1060 nayo ina mchezo huo: ya GB 3 imepunguziwa viini pia, 1,152 badala ya 1,280.

Wapo walio wabaya zaidi, wale wanaochukua kadi za mwaka 2010 au 2011 na kuzibandika utambulisho wa GTX 1050 Ti. Silaha yako ni programu ya bure ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 huandika neno FAKE mbele ya jina la kadi ya kughushi. Silaha ya pili ni macho: chipu za familia ya GTX 10 hazitoi mawimbi ya VGA, kwa hiyo ukiona GTX 1050 Ti yenye tundu la bluu la VGA, mrudishie mwenyewe.

10. Nguvu nyingi bila waya: RTX 3050 ya GB 6

Kompyuta za ofisini zilizotumika ndizo mlango wa wengi wetu kuingia kwenye gemu: bei nafuu, prosesa nzuri, ila pawa saplai ndogo isiyo na waya wa kulisha kadi. Hapo sheria ni moja tu. Tundu la kadi kwenye ubao mama hutoa wati 75, na kadi yako haipaswi kuzidi hapo.

Wapiganaji wa uzito huu: GTX 750 Ti wati 60, GTX 1050 Ti wati 75, na baadhi ya GTX 1650 wati 75. Februari 2024 akaingia bingwa, RTX 3050 ya GB 6, wati 70 na viini 2,304. Hivyo ni viini zaidi ya mara tatu na nusu ya 640 vya GTX 750 Ti, kwa nyongeza ya wati 10, yaani balbu moja! Yapo pia matoleo yake mafupi yanayoingia kwenye kasha jembamba. Usiichanganye na RTX 3050 ya GB 8, ambayo inataka waya wake.

11. Memori nyingi kwa dola moja: ushindi wa senti

Hapa tumegawanya bei ya uzinduzi kwa GB za memori, na tajiri ameshika mkia:

- RX 7600 XT (GB 16, $329): $20.56 kwa GB
- Arc B580 ya Intel (GB 12, $249): $20.75
- RX 9060 XT (GB 16, $349): $21.81
- RTX 3060 (GB 12, $329): $27.42
- RTX 5060 (GB 8, $299): $37.38
- RTX 5090 (GB 32, $1,999): $62.47

Mshindi amepita kwa senti 19! Ila memori ni ukubwa wa ghala, haipimi mbio za wapakiaji: RTX 5060 ina GB 8 tu na bado ni chipu yenye kasi kuliko RTX 3060 ya GB 12. Kwa mnunuzi wa kadi mpya leo, GB 8 ihesabu kuwa mstari wa chini, isipokuwa kwenye kompyuta ya ofisini isiyo na waya wa kulisha kadi. Na Arc B580 ina sharti lake: inataka kompyuta yenye uwezo uitwao Resizable BAR, ambao mashine nyingi kuukuu hazina. Bila huo, mwendo wake hudorora.

12. Mzigo mkubwa kuliko wote: skrini yako mwenyewe

Kadi haichoki kwa jina la gemu tu, inachoka kwa idadi ya vidoti inavyopaka rangi. Tuvilinganishe na watu:

- Monita ya 1366×768: vidoti 1,049,088, pungufu kidogo ya wakazi wa Mombasa, 1,208,333 kwa sensa ya 2019.
- 1920×1080: vidoti 2,073,600, Zanzibar nzima yenye watu 1,889,773 na wageni juu.
- 2560×1440: vidoti 3,686,400, karibu sawasawa na Mkoa wa Mwanza, 3,699,872.
- 3840×2160, yaani 4K: vidoti 8,294,400, Dar es Salaam yenye watu 5,383,728 na zaidi ya nusu yake tena.

Kwa fremu 60 kwa sekunde, skrini ya 1920×1080 inadai vidoti milioni 124.4 kila sekunde. Ni sawa na kuwapaka rangi Watanzania wote mara mbili, mmoja mmoja, kisha uanze upya sekunde inayofuata! Kwa hiyo mwenye monita ya Mombasa asinunue kadi ya Dar es Salaam. EA Sports FC 24 inaridhika na GTX 1050 Ti kama kiwango cha chini, na hiyo kwenye monita ndogo inatosha kupiga mabao.

Jukwaa la washindi wa mfuko mdogo

Medali ya dhahabu inakwenda kwa Radeon RX 6600. Ilianza Oktoba 2021 kwa $329, baadaye ikashuka hadi karibu $200. Ina GB 8, wati 132, inahitaji waya mmoja tu wa umeme, na ina nguvu za kutosha kwa 1920×1080.

Fedha ni ya Arc B580, kwa anayeunda kompyuta mpya kabisa na mwenye jicho kwenye 2560×1440. Shaba ni ya RTX 3050 ya GB 6, mkombozi wa kompyuta ya ofisini.

Basi kabla hujatoa pesa, andika kwenye karatasi vitu vitatu: ukubwa wa monita yako, wati za pawa saplai yako na urefu wa nafasi ndani ya kasha. Nenda dukani na karatasi hiyo, na muuzaji akikutajia megahezi, mwulize memori ni ya aina gani na njia ni ngapi.